Mama Povu na Gari la Shemeji

Ghala la gesi lilikuwa na kibao kikubwa getini, lakini watu wa mtaa hawakukitumia kuelekezana. Walisema, nenda moja kwa moja, ukimwona mwanamke mwenye chupa ya maji ya sabuni, umefika. Mwanamke huyo walimwita Mama Povu, na jina lilikuwa limemganda hivi kwamba hata mlinzi wa pale getini hakulijua jingine.

Kazi aliyoandikiwa kwenye mkataba ilikuwa fupi: kupima mitungi kabla haijatoka. Aliuweka mtungi kwenye mizani, akasoma uzito, akatikisa chupa yake, akachovya sponji, akapaka povu kwenye vali na kuinama kutazama. Povu likitulia, mtungi ni mzima. Likianza kuvimba vipovu vidogo vidogo kama maziwa yanayotaka kuchemka, mtungi unavuja na hauendi popote. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na pua yake ilikuwa kali kiasi kwamba mwenye ghala alisema akistaafu ataomba pua ibaki.

Umaarufu wake, hata hivyo, ulitokana na kazi aliyojiongezea mwenyewe. Mteja akishapewa mtungi, Mama Povu alitoka naye mpaka kwenye gari kama anayesindikiza mgeni, kisha akasimama, mikono kiunoni, kuona unawekwa vipi.

"Unaulaza?" aliuliza.

"Si dakika kumi tu, mama. Nakaa hapo juu."

"Dakika kumi zinatosha kufanya mambo mengi. Muulize mwenye watoto sita."

Mteja alicheka, na akiwa bado anacheka mtungi ulikuwa umeshatolewa kwenye buti, umesimamishwa wima nyuma ya kiti cha mbele, umekabwa na gunia la unga upande huu na tairi la akiba upande ule. Mama Povu hakuwa mtu wa kuhutubia. Alisema mambo yake kwa mkato huku anasukuma sukuma mtungi kuona kama unayumba. Ukiulaza, gesi iliyo majimaji inafika kwenye vali, mahali isipotakiwa. Ukifunga vioo na ikavuja, haitoki. Ni nzito kuliko hewa, inajilaza chini kama paka mvivu inasubiri mtu awashe kitu. Kwa hiyo vioo chini, sigara mfukoni, nyumbani moja kwa moja. Usipite kwa rafiki ukaacha gari limefungwa juani eti unasalimia.

Haya hakuyasoma kitabuni. Kabla hajaajiriwa pale, siku moja ya mvua, alikuwa ameketi mbele kwenye gari kuukuu la mumewe, ambaye sasa ni marehemu. Mume alikuwa fundi rangi. Nyuma aliketi mdogo wake mume, wakati huo mwanafunzi wa chuo cha ualimu, magoti yamemfika kidevuni kwa ufinyu wa nafasi. Kwenye buti kulikuwa na makopo ya rangi, na katikati ya makopo, mtungi wa gesi umelazwa kama mgonjwa. Vioo vyote juu kwa sababu ya mvua.

Mke alisema ananusa kitu. Mume akasema ni rangi. Mke akasema rangi haiozi. Mume, aliyekuwa amechoka kubishana, akatia sigara mdomoni na kutoa kiberiti. Hapo mke hakuwa na muda wa maneno. Alimzaba kofi lililopeleka sigara upande mmoja na kiberiti upande mwingine, mbele ya kituo cha basi kilichojaa watu waliojikinga mvua.

Mume alisimamisha gari ili wagombane vizuri. Walipotoka na kufungua buti, mtungi ulikuwa unalia sss kama nyoka. Ugomvi ukafa palepale. Lakini watu wa kituoni hawakuona mtungi, waliona kofi, na habari ilifika nyumbani kabla ya gari. Kwa miezi kadhaa mawifi walimpisha njia. Mume ndiye aliyemtetea. Mpaka alipofariki alikuwa akiwaonyesha wageni shavu lake la kushoto na kusema, "Hili shavu limeokoa watu watatu."

Mmoja wa hao watatu, yule aliyeketi nyuma na magoti kidevuni, sasa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya jirani. Ungetarajia kwamba mtu aliyenusurika hivyo angeogopa gesi kuliko wote. Lakini binadamu hasahau madeni ya wenzake, husahau hofu yake mwenyewe. Isitoshe, shemeji alikuwa amenunua gari.

Lilikuwa gari la rangi ya maziwa, na viti vyake vilikuwa bado na nailoni za dukani, mwaka wa pili huo. Shemeji aliliendesha kwa soksi. Viatu alivivua mlangoni na kuviweka juu ya gazeti upande wa abiria, na abiria naye aliombwa kwa adabu afanye hivyo hivyo. Vioo havikushuka kamwe, maana nje kuna vumbi, na ndani kuna kiyoyozi.

"Shemeji, vioo," Mama Povu alimwambia kila alipokuja kuchukua gesi.

"Naam, shemeji," alijibu kwa utiifu mkubwa, na kushusha vyote vinne. Akatoka getini nywele zinapeperuka kidogo, akapunga mkono. Alipofika kona ya kwanza, penye kibanda cha fundi viatu, vioo vilipanda.

Mama Povu alilijua hilo kwa sababu fundi viatu alikuwa rafiki yake na hakuwa na kazi nyingi asubuhi. "Vimepanda," alimpigia simu mara ya kwanza. Mara ya pili, "Vimepanda, na ameongeza kiyoyozi, nimeona tai yake ikipeperuka." Mara ya tatu alituma neno moja tu: "Kawaida."

Angeweza kumkalisha chini akamwambia. Lakini kati yao kulikuwa na utani wa mashemeji ulioanza siku ya harusi, alipomfichia viatu vya sherehe mpaka bwana mdogo akacheza na ndala. Kumkanya shemeji kwa maneno ya kawaida lingekuwa jambo la kumvunjia heshima. Ilibidi atafute njia ya kifamilia.

Njia aliipata kwa muuza mboga. Gesi yenyewe, kama Mama Povu alivyopenda kueleza, haina harufu. Hutiwa harufu mbaya makusudi ili pua za watu ziitambue. Na harufu hiyo, ukiinusa bila kujua, utaapa kuna kabichi imeoza mahali. Siku ya Alhamisi aliomba majani ya kabichi yaliyotupwa, akayatia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na maji kidogo, akaufunga na kuuanika juu ya bati. Ijumaa jioni alifungua kidogo kuonja kwa pua. Macho yalimtoka machozi ya furaha.

Jumamosi asubuhi shemeji alifika, tai shingoni ingawa siku hiyo hakukuwa na masomo, akaingia ofisini kuchukua risiti. Mama Povu aliusukuma mtungi kwa kitoroli mpaka kwenye gari. Aliusimamisha wima nyuma ya kiti cha abiria, akaukaba na mabunda ya madaftari yaliyokuwa pale, akaujaribu, hauyumbi. Kisha, huku moyo unamdunda kama mwizi wa mara ya kwanza, akachomoa jani moja kubwa lililolegea, akaliingiza chini ya kiti cha dereva, akafuta vidole kwenye aproni.

"Kila kitu sawa, shemeji?" shemeji aliuliza alipotoka.

"Sawa kabisa. Vioo tu."

"Naam." Vikashuka vinne.

Mama Povu alirudi kwenye mizani yake na kuketi, midomo ameibana. Mlinzi alimuuliza kama jino linamuuma.

Simu iliita baada ya dakika saba. Sauti ya shemeji ilikuwa nyembamba, imepanda juu kama ya kijana anayebalehe.

"Shemeji. Mtungi unavuja."

"Usiniambie."

"Nimesimama pembeni. Nimezima gari, nimefungua milango yote. Nimewaondoa watu. Njoo haraka tafadhali."

Hata Mama Povu alikubali moyoni kwamba amefanya yote kama inavyotakiwa. Alichukua chupa yake na sponji, akapanda pikipiki, na njia nzima alicheka mgongoni mwa dereva mpaka dereva akauliza kama kuna msiba. Mpango wake ulikuwa rahisi. Atafika, atapima mbele ya watu, ataonyesha mtungi mzima, atachomoa jani la kabichi kama mganga anayechomoa hirizi, kisha atamuuliza shemeji mbele ya mashahidi: ilikuwaje harufu ya jani moja ikakutoa roho, kama vioo vilikuwa chini?

Alichokikuta kilizidi ndoto zake. Gari la rangi ya maziwa lilikuwa pembeni ya barabara, milango minne wazi kama kuku aliyepanua mabawa. Hatua hamsini mbali alisimama mwalimu mkuu, tai imenyooka, miguuni soksi za kijivu zilizojaa vumbi. Na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuongoza watu, alikuwa amewapanga wapita njia mistari miwili, wafupi mbele. Kulikuwa na mwanamke mwenye ndoo ya nyanya, fundi cherehani na futi yake shingoni, wanaume wawili wa kubeba saruji, na msichana wa shuleni kwake aliyekuwa amesimama mkakamavu kuliko wote.

"Hakuna kuvuta sigara," mwalimu mkuu alikuwa akisema. "Na wewe wa nyuma, hakuna kuongea."

Mama Povu aliinamisha kichwa ili wasimwone meno. Akauweka uso sawa, akatembea mpaka kwenye gari kwa mwendo wa mtaalamu.

"Nitapima mbele yenu," alitangaza. "Kila mtu aone."

Akatikisa chupa, akachovya sponji, akapaka povu kwenye vali kwa madaha. Akageuka kidogo kuelekea hadhira yake, kisha akatazama chini.

Povu lilikuwa linavimba.

Kwanza alidhani ni upepo. Akalifuta, akapaka tena. Vipovu vidogo vikatokea pembeni ya vali, vikakua, vikapasuka, vikaja vingine nyuma yake kwa utaratibu, kama watu wanaotoka mlangoni. Alisogeza pua. Nyuma ya kabichi, nyembamba sana, kulikuwa na harufu ile nyingine, ile halisi.

Alijaribu kukumbuka asubuhi ile. Mizani, ndiyo, alisoma uzito. Kitoroli, ndiyo. Madaftari. Jani. Baina ya mizani na jani alitafuta sponji, hakuiona. Mitungi yote ya miaka kumi na tisa alikuwa ameipaka povu, na mmoja tu hakuupaka: uliopanda gari la ndugu wa mumewe. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini huyu alikuwa amemkata mteja.

"Rudini nyuma zaidi," alisema, na safari hii hakuna aliyekosa kusikia kwamba hatanii. "Mpaka pale kwenye nguzo. Simu zizimwe."

Aliukumbatia mtungi, akautoa garini, akaubeba wima mpaka katikati ya kiwanja kitupu, mbali na watu na nyumba, upande unakoelekea upepo. Akausimamisha, akarudi nyuma, akapiga simu ghalani. Fundi wa vali alifika na gari la wazi baada ya robo saa. Akavaa glavu, akachokoa kidogo, akamwonyesha kitu kwenye ncha ya kidole: punje ya mchanga, ndogo kuliko ufuta, iliyokuwa imekwama na kuizuia vali kujifunga sawasawa.

"Ingekaa ndani ya gari lililofungwa vioo mpaka mchana," fundi alisema, kisha hakumalizia. Aliupakia mtungi wima kwenye gari lake la wazi, akaufunga kwa mnyororo na kuondoka nao taratibu.

Watu walipoambiwa wanaweza kutawanyika, walimzunguka mwalimu mkuu badala yake. Mwanamke wa nyanya alimpa mkono. Fundi cherehani alisema mtu mwenye pua kama ile ni hazina. Msichana wa shule alikuwa anamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mama Povu alitumia nafasi hiyo kuzunguka upande wa dereva na kupapasa chini ya kiti. Akapapasa tena. Hakukuwa na kitu.

Alipoinua macho, shemeji, aliyekuwa ameingia garini kuchukua viatu wakati fundi anaufunga mtungi, alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, viatu mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshika jani la kabichi kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika mkia wa panya.

Alilikunja mara mbili, akalitia kwenye mfuko wa koti lake zuri, akavaa viatu.

Jumatatu, saa nne, mhudumu wa shule alileta ghalani barua yenye muhuri. Mama Povu alitakiwa kufika mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu kujibu suala la nidhamu. Mlinzi alimsomea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuamini.

Alikwenda na kitenge chake kizuri. Alikaa kwenye kiti kigumu wanachokalia wanafunzi watukutu, akagundua kwamba kimetengenezwa kifupi makusudi. Mezani kulikuwa na bahasha ya kaki. Juu yake, kwa mwandiko wa mwalimu, iliandikwa: Kielelezo. Harufu ilikuwa imejaza ofisi.

"Unakitambua?" shemeji aliuliza.

"Nakitambua."

"Unalo la kujitetea?"

Alikuwa amejiandalia mzaha wa kabichi, mzuri tu, aliokuwa ameufanyia mazoezi mbele ya kioo. Ulifika ulimini ukagoma kutoka.

"Shemeji," alisema, "nilikuwa nacheka sana hiyo asubuhi. Nikasahau kuupima. Ule mtungi sikuupaka povu. Nikakupakilia ndani ya gari lako, nikakupungia mkono." Alitazama mikono yake. "Hakuna aliyejua. Hata mwenye ghala nilimwambia leo tu, kabla ya kuja huku. Amenipa onyo la maandishi, na ana haki."

Nje kengele iligongwa, miguu ikapita mbio kwenye baraza, ikapungua ilipofika mbele ya mlango wake, ikaongeza mbio tena.

"Vioo vilikuwa juu," mwalimu mkuu alisema.

"Najua."

"Kila mara vilikuwa juu."

"Fundi viatu aliniambia."

"Fundi viatu." Aliikunja midomo. "Na mimi nampelekea viatu vyangu." Akavuta kiti chake karibu na meza. "Bila jani lako nisingenusa kitu mpaka nifike, maana ile yenyewe ilikuwa ndogo. Na bila utani wako ungeupima, nisingehitaji kunusa. Nimejaribu kulipigia hesabu jambo hili siku mbili, halikubali kutoka sawa."

"Basi toa adhabu tu."

Alifungua saraka ya meza na kutoa daftari jipya. Adhabu ya shule ile kwa makosa ya mzaha ilikuwa ni kuandika sentensi mara hamsini. Alimwandikia ya mfano kwenye mstari wa juu kwa mwandiko wa kupendeza: Sitaweka mboga ndani ya gari la mtu. Chini yake, baada ya kufikiri, akaongeza: wala sitaacha kupima.

Mama Povu aliisoma, akachukua kalamu. Kisha akanyoosha mkono mwingine.

"La pili."

"La pili la nini?"

"Daftari. Mwenzangu katika kosa hana lake?"

Walitazamana. Shemeji alikohoa. Alisema yeye ni mkuu wa shule. Mama Povu akasema ndiyo, na wanafunzi wake wanamwangalia. Alisema ana kikao saa tano. Mama Povu akasema mistari hamsini haichukui muda kwa msomi. Mwishowe saraka ilifunguliwa tena, na yeye mwenyewe, kwa mwandiko ule ule wa kupendeza, akaandika juu ya ukurasa wake: Nitashusha vioo mpaka nyumbani.

Katibu muhtasi aliingia bila kubisha, kama alivyozoea, amebeba chai. Aliwakuta wameinama pande mbili za meza moja, kila mtu anaandika, mwalimu mkuu ameuficha ukurasa wake kwa mkono ili asichunguliwe. Katibu muhtasi alisimama hapo kwa muda. Akaweka kikombe, akaangalia kama kuna kingine anachoweza kusaidia.

"Naomba rula," Mama Povu alisema bila kuinua kichwa. "Shemeji anaruka mistari."